Kuazimana Vitabu Baina ya Maktaba na Nafasi Yake Katika Utafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili huduma ya kuazimana vitabu baina ya maktaba za vyuo vikuu, kwa kuzingatia mahitaji ya mwanafunzi na mtafiti wa Kiswahili. Kwanza inafafanuliwa istilahi yenyewe, kisha inatolewa historia fupi ya huduma, hatua zinazofuatwa na mwombaji, na mipaka inayotokana na aina ya matini na sheria ya hakimiliki. Hoja kuu ni kwamba huduma hii haihusu utawala wa maktaba peke yake. Ni sehemu ya mbinu za utafiti, kwa sababu matini nyingi za zamani za Kiswahili zimehifadhiwa mbali na mahali lugha hiyo inaposemwa na kufundishwa.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu lahaja au fasihi ya zamani ya Kiswahili hukabiliwa mapema na tatizo moja. Kitabu anachokihitaji kimetajwa katika kila kazi anayoisoma, lakini katika maktaba ya chuo chake hakimo. Pengine kilikuwamo, kadi yake ingalipo, lakini rafuni pana nafasi tupu. Mwanafunzi huyo ana njia tatu. Ya kwanza ni kukiacha kitabu hicho na kuandika kana kwamba hakipo. Ya pili ni kukidondoa kupitia kwa mwandishi mwingine aliyekisoma. Ya tatu ni kukiomba kutoka maktaba nyingine kwa kupitia maktaba ya chuo chake.

Njia ya pili ndiyo inayofuatwa zaidi, na ndiyo yenye hatari kubwa. Anayedondoa kwa mkono wa pili huchukua pamoja na dondoo makosa yote ya aliyemtangulia: tahajia iliyobadilishwa, ukurasa uliokosewa, sentensi iliyokatwa katikati, au tafsiri iliyopinda. Mtafiti wa tatu humdondoa wa pili, na wa nne humdondoa wa tatu. Baada ya miaka kadhaa kosa hupata hadhi ya ukweli kwa sababu tu limerudiwa mara nyingi. Katika isimu, ambako hoja nzima yaweza kusimama juu ya irabu moja au kiambishi kimoja, madhara ya mwenendo huu si madogo.

Kwa hiyo makala haya yanaishughulikia njia ya tatu. Lengo ni kumwonyesha mwanafunzi namna huduma ya kuazimana inavyofanya kazi, nini anachoweza kukitarajia na nini asichoweza, na wajibu gani anaoubeba anapoitumia.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo katika lugha ya mitaani huchanganywa, lakini ambavyo maana zake za msingi zinatofautiana. Mtu hukopa fedha, mchele au sukari. Anapolipa, halipi sarafu zile zile wala punje zile zile, bali kiasi kinacholingana nacho. Mtu huazima jembe, sufuria au mkeka. Anaporudisha, hurudisha kile kile alichokichukua. Kitabu cha maktaba kimo katika kundi hili la pili, na ndiyo maana kitenzi kifaacho ni kuazima. Nakala nyingine ya kitabu hicho, hata kama ni mpya, hailingani nacho, kwa kuwa kile cha kwanza kina namba yake, muhuri wake, na mara nyingine maandishi ya pambizoni yenye thamani ya kihistoria.

Jambo la pili ni kwamba kitenzi kuazima huelekea pande mbili. Husemwa kwamba mtu ameazima kitabu kwa jirani yake, na husemwa pia kwamba jirani amemwazima mtu huyo kitabu. Mpokeaji na mtoaji hutofautishwa na muundo wa sentensi. Ili kuondoa utata, katika makala haya zinatumika istilahi mbili: maktaba inayoomba na maktaba inayotoa. Umbo la kutendana, yaani kuazimana, linafaa kwa huduma nzima kwa sababu linabeba wazo la usawa: maktaba inayoomba leo inatarajiwa kutoa kesho.

Jambo la tatu ni kwamba huduma yenyewe ni pana kuliko jina lake. Inajumuisha shughuli mbili. Shughuli ya kwanza ni uazimaji halisi, ambapo kitabu husafiri na kurudi. Ya pili ni utoaji wa nakala, ambapo makala ya jarida au sura ya kitabu hunakiliwa kwa mashine na kutumwa, na nakala hiyo hairudi. Mwombaji anapaswa kujua tangu mwanzo ni ipi kati ya hizo mbili anayoihitaji, kwa kuwa masharti, gharama na sheria zake hazifanani.

3.0 Historia Fupi

Wazo la maktaba kuazimana vitabu kwa utaratibu unaoeleweka lilijadiliwa mapema nchini Marekani. Mwaka 1876 mkutubi Samuel Swett Green wa mji wa Worcester, Massachusetts, aliandika katika juzuu ya kwanza ya Library Journal akipendekeza kwamba maktaba ziazimane vitabu. Mwaka 1917 Chama cha Maktaba cha Marekani kilitoa kanuni za kuongoza shughuli hiyo. Kwa upande wa kimataifa, Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Maktaba, linalojulikana kwa kifupi kama IFLA, lilitoa kanuni zake mwaka 1954, na kanuni hizo zimerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo.

Tatizo kubwa la miaka ya mwanzo lilikuwa kujua kitabu kiko wapi. Nia njema ya maktaba inayotoa haina faida ikiwa maktaba inayoomba haijui imwandikie nani. Jawabu lilikuwa katalogi za pamoja, yaani orodha zinazoonyesha kitabu fulani kimo katika maktaba zipi. Kubwa kuliko zote zilizochapishwa kwenye karatasi ni ile ya Marekani ya vitabu vilivyotolewa kabla ya 1956. Ilichapwa kati ya 1968 na 1981, nayo ilifikia juzuu 754. Wakati huo huo njia ya kompyuta ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo la Ohio viliunda ushirika wa OCLC. Kuanzia 1971 maktaba zake ziliorodhesha vitabu kwa pamoja kwa kutumia kompyuta, na mwaka 1979 uliongezwa mfumo wa kupitishia maombi ya kuazimana. Katalogi ya WorldCat inayotumika leo ni tunda la kazi hiyo.

Uingereza ilichukua njia tofauti. Badala ya kutegemea maktaba nyingi kuazimana zenyewe kwa zenyewe, ilijenga kituo kimoja kikubwa huko Boston Spa, Yorkshire, ambacho kilifunguliwa mwaka 1962 kwa ajili ya sayansi na teknolojia. Kituo hicho kiliingizwa katika British Library ilipoundwa mwaka 1973. Hivyo kuna mifumo miwili ya msingi: mtandao wa wengi wanaosaidiana, na ghala moja linalohudumia wote. Kila mmoja una udhaifu wake. Udhaifu wa mtandao ni kwamba ombi laweza kuzunguka maktaba nyingi kabla ya kupata jibu. Udhaifu wa ghala moja ulionekana wazi Oktoba 2023, British Library iliposhambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika kwa miezi mingi.

Kwa Afrika Mashariki, inafaa kukumbuka kwamba kati ya 1963 na 1970 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa sehemu za chuo kikuu kimoja, yaani Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilipovunjwa, kila chuo kilibaki na maktaba yake. Kwa mtafiti wa leo, matokeo yake ni kwamba tasnifu na machapisho ya kipindi hicho hayawezi kutafutwa katika mji mmoja tu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayekwama hana budi kuuliza Kampala na Nairobi kabla ya kuuliza London.

4.0 Hatua za Kufuata

4.1 Kuhakikisha kwamba kitabu hakimo

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba maktaba ya nyumbani kweli haina kitabu hicho. Maombi mengi hukataliwa hapa kwa sababu mwombaji alitafuta kwa jina moja tu. Matini za Kiswahili zina matatizo yao ya pekee katika katalogi, na mwanaisimu anapaswa kuwa hodari wa kuyatambua.

La kwanza ni jina la lugha. Vitabu vya Kijerumani vya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 huandika Suaheli, Krapf aliandika Suahili, na vya baadaye huandika Swahili au Kiswahili. Anayetafuta kwa umbo moja hukosa mengine. La pili ni majina ya watu. Katalogi za nchi za Magharibi hutanguliza jina la mwisho, kwa hiyo Shaaban Robert huwekwa chini ya Robert, na Abdilatif Abdalla chini ya Abdalla. Majina marefu yenye asili ya Kiarabu huweza kuwekwa chini ya sehemu yoyote, kwa tahajia zaidi ya moja. La tatu ni anwani za tungo. Utendi na utenzi ni neno moja katika maumbo mawili, na utungo mmoja waweza kuwa na majina mawili, kama ilivyo kwa Utendi wa Tambuka unaojulikana pia kama Chuo cha Herekali. La nne ni majarida yaliyobadili majina. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lilianza kama taarifa ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Baadaye liliitwa Swahili, kisha Kiswahili. Makala ya zamani yakitafutwa chini ya jina jipya hayaonekani, ilhali juzuu yenyewe imo rafuni.

4.2 Kutafuta nakala zilizo huru

Hatua ya pili ni kuangalia kama matini inapatikana bila kuazima. Vitabu vingi vya zamani ambavyo hakimiliki zake zimekwisha vimewekwa kwenye intaneti kwa njia ya picha. Kamusi ya Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ni mfano mmojawapo. Majarida nayo yamefunguka: Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 huko Köln, husomwa mtandaoni bila malipo, na machapisho mengi ya bara hili hupatikana kupitia African Journals Online iliyoanzishwa mwaka 1998. Kuomba kitabu kivuke bahari ilhali picha zake zinasomeka palepale ni kupoteza muda wa wakutubi wa pande mbili.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Maandishi yaliyosomwa na mashine kutoka kwenye picha hujaa makosa, hasa pale maneno ya Kiswahili yanapochanganyika na alama za matamshi au hati za Kiarabu. Mtafiti asome picha ya ukurasa wenyewe, asiyategemee maneno yaliyotolewa na mashine.

4.3 Kutafuta kilipo

Ikiwa nakala huru haipo, hutafutwa maktaba yenye kitabu. Utaratibu unaopendekezwa ni kuanza karibu na kwenda mbali: maktaba za mji ule ule, za nchi, za nchi jirani, kisha za mabara mengine. Maktaba za vyuo nchini Tanzania na Kenya zina ushirika wao, nao ni mahali pa kwanza pa kuuliza. Inafaa pia kukumbuka maktaba zinazopokea nakala za lazima kwa mujibu wa sheria. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya Makerere zimepewa hadhi hiyo. Kwa sababu hiyo vijitabu vidogo vilivyochapwa nchini, ambavyo havikuwahi kufika Ulaya, vina nafasi kubwa zaidi ya kupatikana humo.

4.4 Kujaza fomu

Mwombaji hamwandikii mkutubi wa mbali yeye mwenyewe. Ombi hupitia maktaba yake, kwa sababu maktaba hiyo ndiyo inayobeba dhamana. Fomu ya kitabu huhitaji jina kamili la mwandishi, anwani kamili, mahali na mwaka wa kuchapishwa, mchapishaji, toleo, na namba ya ISBN ikiwapo. Fomu ya makala huhitaji jina la jarida, juzuu, toleo, mwaka na kurasa, pamoja na jina la mwandishi na anwani ya makala. Toleo lisipotajwa, maktaba inayotoa hutuma lolote ililonalo. Kwa mtafiti anayelinganisha matoleo, hiyo ni kazi bure.

Sehemu mbili za fomu hudharauliwa ingawa ni muhimu. Ya kwanza ni ile inayouliza marejeo hayo yalipatikana wapi. Mkutubi hutaka kujua chanzo ili marejeo yakiwa na kosa aweze kulifuatilia hadi lilipoanzia. Ya pili ni tarehe ya mwisho ambayo kitabu kitakuwa na manufaa. Anayeandika tarehe ya kesho hupata jibu la kukataliwa, na asiyeandika kitu huweza kupokea kitabu baada ya kutetea tasnifu yake.

4.5 Kupokea, kutumia na kurudisha

Muda wa kuazima hupangwa na maktaba inayotoa. Ndiyo inayoamua pia kama kitabu kinaweza kwenda nyumbani au kisomwe ndani ya maktaba tu, na kama kinaweza kunakiliwa. Kuongeza muda huombwa kabla ya tarehe ya kurudisha kufika, tena kupitia maktaba ile ile. Kwa mujibu wa kanuni za IFLA, maktaba inayoomba huwajibika kwa kitabu tangu kinapotoka kwa mwenyewe hadi kinaporudi mikononi mwake. Kikipotea njiani au kikilowa mvua katika begi la mwanafunzi, deni ni la maktaba.

Methali husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa mtafiti, maana yake ni kwamba kitabu cha kuazima hakisomwi kama kilicho cha mtu mwenyewe. Kina siku chache, na hakina budi kusomwa kwa mpango: kwanza ukurasa wa jina na utangulizi, na kunakili taarifa zote za uchapishaji. Kisha hunakiliwa kurasa zinazohitajika, dondoo zikihakikiwa herufi kwa herufi kabla ya kitabu kuondoka. Dondoo lisilohakikiwa kitabu kikiwa mezani haliwezi kuhakikiwa kikiwa Hamburg.

5.0 Matini Zisizosafiri

Si kila kitu huazimwa. Kwa kawaida maktaba hazitoi kamusi na vitabu vingine vya marejeo, vitabu adimu, juzuu nzima za majarida, magazeti yaliyojalidiwa, wala miswada. Kwa mtafiti wa Kiswahili orodha hii inagusa mahali penyewe. Maktaba ya SOAS, London, ina mikusanyo ya miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na W. E. Taylor, William Hichens na wengineo. Hamburg nayo ina miswada ya tendi za kale. Mkusanyo wa J. W. T. Allen umo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Hakuna hata mmoja wa miswada hiyo utakaotiwa katika bahasha na kupelekwa posta, na ni haki isiwe hivyo.

Hapa ndipo tofauti iliyoelezwa katika sehemu ya 2.0 inapokuwa na manufaa. Kinachoombwa si mswada, bali nakala yake: picha, mikrofilamu, au faili la kompyuta. Umuhimu wake waweza kuonyeshwa kwa mfano mmoja. Utendi wa Tambuka hutajwa katika vitabu vingi pamoja na mwaka 1728. Mwaka huo umetokana na tarehe ya Hijria, 1141. Mwaka 1141 wa Hijria ulianza Agosti 1728 na kuishia Julai 1729. Kwa hiyo hata ubadilishaji wa tarehe peke yake unahitaji mwezi, si mwaka tu. Tena kuna swali kubwa zaidi: je, tarehe iliyoandikwa katika mswada ni ya kutungwa kwa utendi, au ni ya kunakiliwa kwake? Na kama mswada uliopo ni nakala ya baadaye, je, mnakili aliinakili tarehe ya mtangulizi wake? Maswali haya hayajibiwi na kitabu cha historia ya fasihi kinachotaja 1728 kwa mstari mmoja. Hujadiliwa na yule aliyeuona ukurasa wa mwisho wa mswada, au picha yake.

Hali ya magazeti inafanana na hiyo. Kiongozi, lililotolewa Tanga kuanzia 1904, na Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ni hazina ya msamiati na sintaksia ya Kiswahili cha kipindi ambacho usanifishaji ulikuwa unaandaliwa na kutekelezwa. Karatasi zake ni dhaifu na haziazimwi. Njia iliyotumika kuhifadhi magazeti ya namna hii ni mikrofilamu. Mwaka 1963 maktaba za Marekani zenye mikusanyo ya Afrika ziliunda ushirika wa CAMP, chini ya Kituo cha Maktaba za Utafiti cha Chicago, kwa ajili ya kupiga mikrofilamu za machapisho adimu ya bara hili na kuazimana mikrofilamu hizo. Chuo kisicho mwanachama hakina budi kuuliza masharti yake kwanza. Aidha, maktaba inayopokea mikrofilamu lazima iwe na mashine ya kuisomea iliyo nzima. Ombi lisitumwe kabla ya kuhakikisha jambo hilo.

6.0 Hakimiliki

Uazimaji halisi wa kitabu hauzalishi nakala mpya, kwa hiyo mara nyingi haugongani na hakimiliki. Utoaji wa nakala ndio unaohitaji uangalifu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zinalinda kazi za maandishi kwa muda wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, nazo zinaruhusu matumizi fulani kwa ajili ya masomo na utafiti. Kwa kawaida kinachokubalika ni nakala moja ya makala moja, au sehemu ndogo ya kitabu, kwa matumizi ya mtu binafsi. Kunakili kitabu kizima kilicho dukani si utafiti. Ni kumnyang'anya mwandishi riziki yake, na mara nyingi mwandishi mwenyewe ni mhadhiri wa chumba cha pili.

Maktaba inayotoa hufuata pia sheria ya nchi yake. Kwa mfano, miongozo iliyotolewa Marekani inaitaka maktaba inayoomba isipate katika mwaka mmoja zaidi ya makala tano kutoka jarida moja, kwa matoleo ya miaka mitano ya karibuni. Mwanafunzi anayepokea jibu la kukataliwa asidhani kwamba amedharauliwa. Huenda idadi ya mwaka huo imekwisha kufikiwa na wenzake.

7.0 Matatizo na Mapendekezo

Tatizo la kwanza ni gharama. Posta ya kimataifa ni ghali, na fedha za kigeni hazipatikani kwa urahisi kwa malipo madogo madogo. Kwa kulitambua hilo, mwaka 1995 IFLA ilianzisha hati za malipo ambazo maktaba ilizinunua na kulipiana kwazo badala ya fedha, na maktaba iliyopokea hati iliweza kuitumia kulipia ombi lake lenyewe. Somo la utaratibu huo ni kwamba maktaba inayotoa sana hujipatia uwezo wa kuomba. Vyuo vya Afrika Mashariki vina kitu cha kutoa: vijitabu, magazeti ya nchini, tasnifu na miswada ambayo watafiti wa ng'ambo wanaihitaji. Hata hivyo, kisichoorodheshwa hakiombwi. Kuingiza mikusanyo ya nyumbani katika katalogi zinazoonekana na wengine ndiyo njia ya kuingia katika kuazimana kwa usawa, badala ya kubaki upande wa kuomba peke yake.

Tatizo la pili ni muda. Kitabu kutoka nje huweza kuchukua wiki nyingi. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba orodha ya matini zisizopatikana iandaliwe wakati wa pendekezo la utafiti, si wakati wa kuandika sura ya nne. Msimamizi wa tasnifu ana wajibu hapa. Anapoidhinisha pendekezo, aulize ni marejeo yapi ambayo mwanafunzi ameyaona kwa macho yake na yapi ameyasikia tu.

Tatizo la tatu ni uaminifu. Kitabu kimoja kisichorudishwa hakimdhuru aliyekichelewesha, kwani yeye amekwisha kupata shahada yake. Humdhuru anayemfuata. Maktaba inayotoa huandika jina la chuo, si la mwanafunzi, na chuo chenye jina baya hunyimwa. Mwanafunzi asiyejulikana, ambaye pengine bado yuko sekondari, atakuja kulipa deni hilo kwa kuandika tasnifu yenye dondoo za mkono wa pili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuazimana vitabu ni sehemu ya mbinu za utafiti wa Kiswahili. Mtafiti anayejua kutafuta kwa tahajia zote, kutofautisha kitabu na nakala, kujaza fomu kwa ukamilifu na kurudisha kwa wakati, ana uwezo wa kuzisoma matini ambazo jiografia na historia zimeziweka mbali naye. Asiyejua hayo hulazimika kuamini macho ya wengine.

Inafaa pia kusisitiza kwamba pale ambapo matini haikupatikana baada ya juhudi zote, uaminifu wa kitaaluma unadai jambo hilo lisemwe. Kuandika kwamba kazi fulani imedondolewa kupitia kwa mwandishi fulani si aibu. Ni kumpa msomaji taarifa anayoihitaji, na kumwachia mtafiti ajaye kazi iliyo wazi ya kuitafuta matini hiyo na kuisoma.